Katibu Aliyetuhamishia Bondeni

Katibu alikuwa na sauti iliyouzidi mwili wake. Alikuwa mfupi, shingo nyembamba, suruali ya kaki aliyoikunja vizuri juu ya vifundo asiichafue na mafuta ya baiskeli. Lakini akifungua mdomo mbele ya ofisi ya kijiji, hata watu waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya mto walisimamisha majembe. Neno lake lilikuwa moja: "Tusikilizane!" Alifungulia mkutano kwa neno hilo, na akalitumia kumnyamazisha aliyetaka kuuliza swali. Tulikuja kuelewa kwamba maana yake ilikuwa tumsikilize yeye.

Watu wote walimwita Katibu, na mkewe pia. Nilipata kulijua jina lake baadaye sana, na hata baada ya kulijua sikuweza kulitumia. Lingekuwa kama kumwita mtu mwingine.

Alikuwa mtu wa Mgeta, upande wa pili wa milima, Mkristo aliyeletwa kwetu kwenye njia ya kwenda Matombo, ambako wengi wetu ni Waislamu. Mwezi wa Ramadhani hakuna aliyemwona akitia hata maji mdomoni. Alijifungia ofisini, akala kiazi chake kimyakimya, kisha akatoka na kuendelea na kazi kama mtu aliyefunga. Siku moja mjomba wangu alimtazama sana, halafu akamwambia, "Katibu, hiyo saumu yako imekuachia kiazi kwenye masharubu." Katibu alicheka mpaka akakohoa, akashika ukuta. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu baadaye hatukukisikia tena.

Aliogopa mbwa. Mtu aliyekuwa akiwafokea wazee wenye mvi angeweza kuzunguka shamba zima akimwona mbwa amelala njiani. Alipenda chai yenye sukari nyingi na hakupenda kushukuriwa. Ukimwambia ahsante alikujibu, "Shukuru chama," akapanda baiskeli. Na alipenda nyimbo. Sisi vijana tuliomaliza shule alitukusanya akaunda kikundi, wavulana kwa wasichana, akatufundisha gwaride kwenye uwanja wa shule. Kazi yetu ilikuwa kuimba wageni wakija kutoka mjini. Yeye mwenyewe alikuwa hajui kuimba hata kidogo. Alishika fimbo, akatikisa kichwa, akapotea kwenye kila ubeti, na sisi tukabana vicheko.

Sasa niseme habari ya kuhama, kwa maana bila hiyo nitakuwa nimemchora nusu.

Zamani watu wetu walikaa milimani, nyumba moja hapa, nyingine kule, kila mtu kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Ukitaka kumsalimia jirani ulishuka bonde na kupanda kilima. Ikaja amri ya kuishi pamoja vijijini. Katibu alizunguka na baiskeli yake kiangazi kizima, akaichagua sehemu tambarare kando ya mto. Pale, alisema, patakuwa na barabara, zahanati na bomba la maji. Alipaona kwa macho yake kabisa, zahanati na bomba, na sidhani alitudanganya. Alikuwa akiyaamini kama mtu anavyoamini kesho.

Wiki ya kuhama nilimwona amebeba mafiga ya bibi mmoja kipofu, mawe matatu meusi kwa masizi, kichwani mwake, kutoka mlimani mpaka bondeni. Bibi alikuwa amekataa kupikia kwenye mawe mengine. Katibu aliyapanga kwenye nyumba yake mpya na kumshika mkono ayapapase, ahakikishe ndiyo yenyewe. Wiki hiyohiyo mgambo walipanda juu ya nyumba ya Mzee Kibwana wakaanza kung'oa nyasi za paa, mwenyewe akiwa ndani amekaa kitandani. Katibu alisimama nje na kumwambia kwa sauti ile, "Toka, mzee, usitucheleweshee maendeleo." Nikimfikiria Katibu, mambo hayo mawili yananijia pamoja. Sijaweza kuchukua moja nikaliacha lingine.

Sisi hatukuhama. Nyumba yetu ilikuwa karibu na shule, juu, ikahesabiwa kuwa tayari iko kijijini. Nilifurahi siku ile.

Kabla ya watu kushuka uliitishwa mkutano. Katibu aliuliza wanaokubali wainue mikono. Mikono ikainuka, yote. Mjomba wangu naye, ambaye usiku uliotangulia alikuwa amesema nyumbani kwamba tambarare ile ni kitanda cha mto, mto huja kulala pale masika ikizidi. Mama alimwuliza kwa nini hakusema mkutanoni. Akajibu, "Niseme vipi? Mgambo wamesimama nyuma yangu." Haikuwa siri ya mjomba peke yake. Kila mtu mzima aliijua, na kila mtu mzima aliinua mkono.

Masika ya pili baada ya kuhama ndiyo iliyoleta kimbunga. Redio ilisema kimetoka baharini, kimepiga pwani na kinaingia bara. Kwetu kilifika mchana, upepo kwanza. Uling'oa mabati mawili ya shule ukayatupa kwenye migomba. Kisha mvua ikaanza, ikanyesha usiku na mchana bila kupumua, mpaka kilima cha juu ya bonde kikakatika. Hatukusikia kishindo kikubwa kama watu wanavyosimulia. Ilikuwa sauti kama ya gunia linaloburutwa. Udongo ukaziba mto, mto ukatafuta njia nyingine, na njia nyingine ilikuwa katikati ya nyumba.

Ilikuwa alasiri. Wengi waliwahi kukimbia kwa sababu walikuwa macho. Tuliwaona wakipanda njia ya shule, matope mpaka kiunoni, mtu na kuku, mtu na sufuria, mtu na mzazi wake mgongoni. Sisi vijana wa gwaride tulishuka kuwapokea. Hakuna aliyetuamuru. Tulishikana mikono mahali palipoteleza tukawa kama uzio, watu wakapita wakitushika mabegani. Bibi kipofu nilimbeba mimi na mwenzangu mmoja. Alikuwa mwepesi kama kitenge kilichokauka.

Mama Shabani, mmoja wa waliohamishwa, hakuwa bondeni. Alikuwa amepanda shuleni kuomba dawa kwa mganga wa zahanati aliyekuja kwa siku hiyo, kwa kuwa mwanawe alikuwa na homa. Binti yake mdogo, Halima, alikuwa mgongoni. Shabani, yule mgonjwa, alikuwa amemwacha nyumbani amelala. Alipoona watu wanapanda alisimama mlangoni mwa darasa akitazama kila uso, mmoja baada ya mwingine, mpaka nyuso zikaisha.

Tulichimba. Wavulana na wasichana, kwa majembe, kwa sahani, kwa mikono. Katibu alikuwa pamoja nasi tangu mwanzo, suruali haikukunjwa tena, na hakutoa amri hata moja. Ilipopambazuka siku iliyofuata, yeye ndiye aliyemfikia mtoto, akiwa peke yake upande wa nyuma wa nyumba. Tulisikia akisema, "Kaeni hukohuko." Alivua koti lake akamfunga nalo, mwili mzima, kichwa na miguu, akapanda naye njia ya shule bila kumruhusu mtu kumpokea. Alimkabidhi kwa waliomwosha. Kisha akazunguka nyuma ya vyoo vya shule akabaki huko muda mrefu. Mama Shabani hakuonyeshwa. Wazee waliona ni vema akumbuke uso aliouacha usingizini.

Kuanzia hapo kijiji kikajaa aibu ya namna ambayo sikuwahi kuijua. Kila mtu alikuwa na yake. Waliohamishwa, ambao sasa walilala madarasani, waliona aibu kula chakula cha kupewa. Wanaume wazima, wenye mashamba yao, walipanga mstari na bakuli mbele yetu, watoto wao, tukawachotea ugali wa unga wa njano ulioletwa na lori. Mzee Kibwana alipokea, akatupa mgongo, akala akitazama ukuta. Nilikuwa na mwiko mkononi na sikujua niutazame wapi. Wa juu, sisi tusiohamishwa, tuliona aibu kwa paa zetu. Mama alianza kupika huku mlango umefungwa, harufu isitoke.

Katibu aliiona ile mistari. Siku ya pili au ya tatu alinijia jikoni.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Binti, kesho msiwapange mstari."

"Tutagawaje sasa?"

"Pelekeni ndani. Kila familia ilipo, mpeleke kama mnapeleka kwa mgeni wa nyumbani. Mwanamume asisimame na bakuli mbele ya mtoto."

Mtu yuleyule aliyetupanga mistari maisha yake yote. Tukafanya hivyo. Mzee Kibwana hakugeuka tena ukutani, ingawa hakutushukuru.

Habari ya Mama Shabani hatukujua tuishike wapi. Wengine tulidhani kumwita kwa jina la marehemu ni kumchoma, tukaanza kumwita Mama Halima. Alivumilia, halafu siku moja akaweka chini ndoo ya maji akatuambia, "Huyo mwingine mnampeleka wapi? Mimi ni Mama Shabani." Basi tukarudi. Katibu peke yake hakumwita jina lolote. Akimwona anakuja, alikata njia. Darasa alilokaa yule mama alilizunguka kama alivyozunguka mbwa. Mama Shabani alikuwa akimtafuta, niliona. Mara mbili alisimama karibu na ofisi akisubiri, na mara mbili Katibu alitokea mlango wa nyuma.

Watu hawakumtukana. Ningependa kusema walimtukana. Waliendelea kumpa heshima zake, shikamoo Katibu, habari za asubuhi Katibu, na kila salamu niliiona ikimwingia kama mwiba. "Tusikilizane" haikusikika tena. Alianza kuongea chini, kwa sauti ya mtu wa kawaida, na tukashangaa kwamba alikuwa nayo.

Siku moja alitukusanya tuliokuwa kikundini akatupeleka kwa mjomba. Mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya ardhi ya ukoo wetu, mgongo mrefu wa kilima uliokuwa mihogo mitupu. Katibu aliletewa kigoda, akakisogeza kando, akakaa chini.

"Nimekuja kuomba mahali pa kuwajengea watu," alisema.

Mjomba alikitazama kile kigoda. "Ulipotaka washuke, ulikuja kuniuliza?"

"Sikuja."

"Leo unauliza."

"Leo nauliza."

Nilidhani mjomba atamsema, na nadhani hata Katibu alikuwa amejiandaa kusemwa, maana aliinamisha kichwa kabisa. Lakini mjomba alitazama mihogo yake akasema polepole, "Na mimi niliinua mkono, Katibu. Nilijua, nikainua." Kisha akasimama akatuonyesha mpaka, kutoka mti huu hadi mwamba ule. Hatukuongea tena jambo hilo. Siku hiyohiyo tulianza kung'oa mihogo.

Tukawa watu wa kujenga. Wavulana walikata miti na fito, sisi tulikata nyasi, tukachota maji ya kukandia udongo. Katibu alipasua fito pamoja nasi. Mikono yake ilikuwa ya ofisi, ikachanika, akaifunga vitambaa na kuendelea. Kulikuwa na minong'ono kwamba kibali hakijatoka mjini. Mwenzetu mmoja akamwuliza, "Katibu, wakikataa?" Akajibu, "Nyumba ikishasimama, kuikataa ni kazi kubwa kidogo. Ongeza nyasi."

Paa za kwanza zilikuwa zimeshaezekwa mkubwa mmoja alipokuja kutoka mjini. Tulipangwa kuimba, tukaimba, na kwa mara ya kwanza niliona haya kwa wimbo. Ulikuwa wimbo wa mavuno. Waliohamishwa walikaa mbele yetu kwenye nyasi, na nguo zilezile walizokimbia nazo.

Mkubwa alitoa pole. Alisema mvua ni kazi ya Mungu na hakuna wa kulaumiwa. Kisha akasema mpango wa kijiji haubadilishwi kwa mvua ya mwaka mmoja. Ardhi ikikauka, kila familia irudi kwenye kiwanja chake bondeni.

Katibu akasimama. Hakuwa amepewa nafasi. Aliongea kwa ile sauti ndogo, walioko nyuma wakaulizana anasema nini.

"Mahali pale nilipachagua mimi," alisema. "Nilipaona kiangazi, nikapapenda kwa kuwa ni tambarare. Sikumwuliza mtu. Hawa waliinua mikono kwa sababu niliweka mgambo nyuma yao."

"Ndugu Katibu, kaa chini," mkubwa alisema.

"Nitakaa, ndugu. Mtoto amekufa pale. Wasirudi."

"Kaa chini!"

Lililoniuma si la mkubwa. Ni kwamba hata watu wetu walianza kumwambia, kwa kunong'ona, "Kaa, Katibu, basi, kaa." Walitaka anyamaze. Kila neno alilojitupia yeye liliwaangukia na wao. Mjomba alikuwa akichora mchanga kwa kidole cha mguu. Katibu akakaa.

Mkubwa akauliza, kwa tabasamu, wanaokubali kurudi bondeni wainue mikono.

Hakuna aliyeinua. Aliuliza tena, akageuka kuwatazama mgambo, na mgambo wakatazama viatu vyao, maana mmoja wao naye alikuwa amepoteza nyumba. Mama Shabani alikuwa ameingiza mikono yote miwili ndani ya kanga, ameikaza. Watu hawakusimama kumtetea Katibu, hakuna hata mmoja. Lakini mikono ilibaki chini. Ndilo tuliloweza.

Familia zile hazikurudi bondeni. Ziko kwenye mgongo wa kilima mpaka leo, na bonde limekuwa shamba la mpunga. Katibu aliondolewa kazini kabla masika haijaisha. Aliondoka alfajiri na mkewe, baiskeli imepakiwa magodoro, bila kuaga mlango wowote. Tulipoamka ofisi ilikuwa imefagiliwa na ufunguo umening'inizwa kwenye komeo.

Miaka ikapita. Niliolewa Morogoro mjini, nikawa nanunua mboga sokoni kwa akina mama wa Mgeta. Siku moja mwuza kabichi mmoja aliposikia natoka njia ya Matombo, alinitazama vizuri. "Baba yangu aliwahi kuwa katibu huko," alisema. Akaongeza kwamba sasa ni mzee, kifua kinamsumbua, na hapendi kuongelea kazi yake ya zamani.

Nilipokwenda nyumbani nilimweleza Mama Shabani. Nilidhani ataitikia tu. Akauliza, "Lori la Mgeta linaondoka saa ngapi?"

Tukaenda naye mjini, tukapanda lori lililokuwa likirudi tupu baada ya kushusha mboga, tukakaa juu ya matenga. Mlimani tukashuka, tukafuata njia ya miguu kati ya matuta ya kabichi na karoti, yeye mbele, ingawa hakuijua njia. Nilianza kuogopa. Nilijiuliza nampelekea mgonjwa nini.

Alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, kwenye jua, na koti kubwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa furaha, akanikumbuka, akaniuliza habari za mjomba, marehemu wakati huo. Halafu akaona aliye nyuma yangu. Akashika ukuta akasimama, akatugeuzia mgongo, akaitazama kabichi.

"Katibu," Mama Shabani alisema. "Mbona unanipa mgongo?"

"Sina uso wa kukutazama."

"Mimi nimepanda mlima wote huu kuja kuangalia mgongo?"

Mabega ya Katibu yalikuwa yakipanda na kushuka kwa ugonjwa wa kifua.

"Umekuja kunisamehe?" aliuliza mwishowe.

"Sijui," alisema Mama Shabani. "Sikuja na neno hilo. Nimefiwa mimi, halafu wewe ukanikimbia kana kwamba mimi ndiye mto. Nilikutafuta ofisini, ukatokea nyuma. Nilikuwa na swali moja tu."

"Uliza."

"Wewe ndiye uliyemtoa. Wote waliomwosha wamekufa, na hawakuniambia kitu. Mwanangu ulimkutaje?"

Nilitaka kumshika mkono, nimwambie tukae kwanza. Katibu alipumua kwa shida. Akaanza kuongea na kabichi zake.

"Alikuwa kitandani. Kitanda kilisogea mpaka ukutani, ukuta ukainama ukamkinga juu. Matope yalikuwa yamemfikia kifuani. Usoni hayakufika. Alikuwa amelalia ubavu, amefumba macho. Blanketi amelishika hivi." Akaonyesha, ngumi kwenye kidevu. "Nilidhani amelala. Nilimwita. Nilimwita kabla sijajua."

"Ulimwitaje?"

"Shabani. Nilisema, Shabani, amka, mama yako yuko juu."

Mama Shabani alikaa chini hapohapo, kwenye udongo, akakunja miguu na kutandaza kanga magotini kama mtu aliyefika nyumbani kwa watu na hana haraka. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mimi nilikumbuka koti lile, lilivyofungwa mpaka kichwani, nikaliacha hapohapo.

"Rudia," alisema.

Katibu aligeuka. Taratibu, mkono bado ukutani, akageuka mwili mzima, akamtazama usoni. Kisha akarudia yote tangu mwanzo, kitanda, ukuta, blanketi, na hakuangalia pembeni mpaka alipomaliza.